Nyimbo Zilizowaliza Baba Zetu



Katika kitabu hiki cha yubile ya miaka 75 wenzangu wamekwisha kuandika juu ya matofali na mabati, juu ya mapadri waliotutangulia, juu ya shule na zahanati. Mimi kamati ikaniagiza kuandika juu ya nyimbo. Nilipouliza, nyimbo gani, mzee mmoja wa kamati, ambaye sitamtaja jina maana angekasirika, akanijibu: «Zile zinazotuliza sisi wanaume.» Wote wakacheka, lakini yeye hakucheka. Basi nimelichukua neno lake kama lilivyo, nami nitajaribu kueleza nyimbo hizo zilitoka wapi, namna gani nyingine zilifungiwa mlango, na kwa njia gani zilirudi kanisani.

Kwetu mwanamume halii. Tangu utoto tunaambiwa hivyo. Penye kilio wanawake huketi ndani ya nyumba, hulia kwa sauti, hushikana, hujitupa chini. Wanaume huketi nje kando ya moto, huzungumza juu ya bei ya sanduku, juu ya wachimbaji wa kaburi, juu ya wageni watakaofika na treni na mahali watakapolala. Wazee husema machozi ya mwanamume huingia tumboni. Kwa kazi yangu ya ukatekista nimekwenda katika matanga mengi, nami nashuhudia ya kuwa neno hilo ni kweli, ila mpaka dakika ile wimbo fulani unapoanzishwa. Hapo utamwona mtu mzima, mwenye wajukuu, mtu aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini, anageuza uso kana kwamba anatafuta kitu gizani. Hotuba hazikumfanya hivyo, wala mahubiri (mapadri wanisamehe). Ni wimbo.

Jambo hili si la Waafrika weusi peke yao. Katika seminari ndogo tulisomeshwa habari za Mtakatifu Augustino, mtu wa Afrika ya kaskazini, mwalimu mwenye akili kali, aliyebatizwa na Askofu Ambrosio mjini Milano siku ya Pasaka ya mwaka 387. Mwaka uliotangulia, malkia Justina alitaka basilika moja ya mji ule itolewe kwa Waariani. Ambrosio na watu wake wakajifungia ndani, wakakesha humo, na ili watu wasivunjike moyo, wakafundishwa kuimba tenzi na zaburi kwa namna ya makanisa ya mashariki. Augustino aliposikia nyimbo zile kanisani alilia, wala hakuona haya kuliandika jambo hilo katika kitabu chake cha Maungamo.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni nyingine, ya sehemu ile ile ya tisa ya kitabu. Mwaka 387 mama yake, Monika Mtakatifu, alifariki huko Ostia. Augustino alijizuia asilie. Mwanawe Adeodato alipopaza kilio walimnyamazisha. Evodio akatwaa zaburi, akaanzisha wimbo, na nyumba nzima ikaitikia. Wakamzika mama, macho ya mwanawe makavu. Akaenda kuoga, akidhani maji yatamwondolea huzuni, hayakuiondoa. Akalala. Alipoamka, peke yake kitandani, akakumbuka utenzi mmoja wa Ambrosio, na hapo ndipo machozi yalipotoka. Tena katika sehemu ya kumi anajiuliza kama si kosa mtu kuguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa. Mwalimu wetu alituagiza tusilisahau swali lile. Sikulisahau, ila jibu nililipata mahali ambapo mwalimu hakupatazamia.

Sasa tuje kwetu. Wamisionari wa Afrika, ambao babu zetu waliwaita Mapadri Weupe, walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa hili la Tanganyika, mwaka 1885. Kutoka huko walikwenda kujenga Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, na huko ndiko Stefano Kaoze alikopewa upadri tarehe 21 mwezi wa saba 1917, wa kwanza katika nchi yetu nzima ya siku zile za Wabelgiji. Pamoja na katekisimu na alfabeti wakaleta wimbo wa Gregori. Wavulana ambao baba zao walikuwa wavuvi na wahunzi wakajifunza kuimba Kilatini, wakakishika kwa moyo kiasi cha kuwashangaza wageni.

Mwaka 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 mwezi wa kumi na moja, Papa Pio X alitoa barua yake juu ya muziki wa kanisa. Aliuweka wimbo wa Gregori juu ya nyimbo zote, akakataza piano kanisani, na pamoja na piano akakataza vyombo vya makelele, ngoma zikiwa kati yake. Haki inanilazimu kusema ya kuwa Papa alifikiri juu ya makanisa ya Italia, ambayo siku zile yalijaa muziki wa michezo ya opera. Hakufikiri juu ya ngoma zetu. Lakini sheria ilipofika huku ilifika pamoja na neno «ngoma», na kwa mmisionari wa zamani ngoma ilikuwa na maana nyingine tena: uchawi, pombe, usiku. Wazee wa parokia yetu, iliyoanzishwa mwaka 1950, wananisimulia ya kuwa ngoma ilitundikwa nje, chini ya mti, ikawaita watu Misani, kisha ikanyamaza. Ilikuwa kama mtumishi anayegonga mlango wa bwana wake asiruhusiwe kuingia.

Hata hivyo mtu asidhani ya kuwa Kilatini hakikuwaliza baba zetu. Kiliwaliza sana. Misa ya wafu ya zamani ilikuwa na Dies irae, mistari mirefu ya hukumu ambayo wengi humhesabia Mfransiskani Thoma wa Celano. Nilipowauliza wazee saba waliobaki wa korali ya Kilatini, wote walisema ya kuwa wimbo ule uliwatia hofu, haukuwaliza. Uliowaliza ni ule wa mwisho, In paradisum, unaoimbwa maiti anapotolewa kanisani kupelekwa makaburini. Ukiusikia pasipo kujua ni wa mazishi, hutafikiri juu ya kifo. Sauti yake ni nyepesi, inapanda na kushuka kama mtu anayetembea asubuhi. Mzee mmoja alinieleza sababu kwa namna ambayo sikuisoma katika kitabu chochote. Alisema: «Wakati wa Dies irae ulikuwa umesimama, mikono iko huru, unaweza kujikaza. Wakati wa In paradisum umebeba sanduku. Mikono yote miwili imeshikwa. Machozi yakitoka huwezi kuyapangusa, na ukijua huwezi kuyapangusa, ndipo yanapotoka.»

Nageukia sasa Kamina. Wasomaji vijana watauliza, Kamina na sisi wa ziwani tuna uhusiano gani? Tuna reli. Mwaka 1956 njia ya kutoka Kamina iliunganishwa na ile ya Kabalo, na tangu hapo mtu aliweza kupanda treni kule Kasai akashuka hapa, Albertville ya wakati ule, Kalemie ya leo. Nusu ya jamaa za parokia yetu zilikuja kwa njia hiyo, na jamaa yangu ni mojawapo.

Kule Kamina alikuwako padri mmoja Mfransiskani wa Ubelgiji, Guido Haazen, aliyefika mwaka 1953 na kuwekwa mkubwa wa shule. Alikusanya wavulana wa shule yapata arobaini na tano, wa miaka tisa hata kumi na minne, na walimu wao yapata kumi na watano, akafanya korali, ikapewa jina la mfalme: Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1955 Papa Pio XII alitoa barua nyingine juu ya muziki mtakatifu, akiwahimiza wamisionari kuzitumia nyimbo za dini za mataifa waliyotumwa kwao. Mlango ukafunguka kidogo. Watu wa Kamina wakaingiza mguu.

Walichokifanya ni hiki. Waliyatwaa maneno ya Misa ya Kilatini, Kyrie mpaka Agnus Dei, wasiyabadili hata neno, wakayaimba kwa sauti za kwao. Hapakuwa na kinanda. Palikuwa na ngoma na vyombo vya kugonga tu. Hapakuwa na noti zilizoandikwa mbele: mwimbishaji alianzisha, wengine wakaitikia, na kila mara ikatoka tofauti kidogo, kama inavyotoka kijijini. Misa hiyo, ambayo dunia inaiita Missa Luba, iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 mwezi wa tatu 1958. Mwaka ule ule korali ikasafiri Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na diski ikatoka. Gloria yake ilitiwa mwaka 1964 katika filamu ya Mwitaliano Pasolini juu ya Injili ya Matayo, na Sanctus yake katika filamu moja ya Kiingereza ya mwaka 1968. Watu wengi sana wa Ulaya waliisikia. Huku kwetu waliisikia wachache kuliko hao, jambo ambalo sijapata kulizoea.

Kwenye diski jina la padri limeandikwa kwa herufi kubwa. Mimi namheshimu padri, maana pasipo yeye watoto wale wasingeimba hivyo kanisani. Ila sauti inayoongoza ni ya mwalimu Joachim Ngoi, na nyimbo zenyewe zilikuwa za mama na bibi za watoto wale. Sanctus inatoka katika wimbo wa kuagana. Na Kyrie imefanywa kwa namna ya kasala, maombolezo ya Wakanyoka.

Hapa yanipasa kueleza kidogo, kwa ajili ya wageni wetu. Kasala ni utungo wa Waluba na majirani zao wa Kasai. Mwimbaji aliyejifunza kazi hiyo huyaita majina: ya marehemu, ya baba zake, ya ukoo, majina ya sifa, mito na vilima walikotoka, mambo waliyoyatenda. Huimbwa katika furaha pia, lakini penye matanga ndipo nguvu yake huonekana. Mwanamume aliyeketi kando ya moto na uso mkavu husikia jina la babu yake likiitwa mbele ya watu wote, kisha la baba yake, kisha la yule aliyelala ndani. Hawezi tena kuwa mgeni katika kilio chake mwenyewe. Wanachuo wetu wameuandikia utungo huu vitabu vizuri, Patrice Mufuta mwaka 1969, na baada yake mama Clémentine Faïk-Nzuji. Mimi nauandikia kwa sababu ya baba yangu.

Baba yangu alikuwa Mkanyoka. Alikuja hapa na reli mwaka 1957, akiwa kijana, akaoa binti wa ziwa, naye ni mama yangu. Alikuwa mtu wa saa, mtu wa kofia na filimbi, mwanachama wa Legio Maria. Sikupata kumwona akilia. Dada yangu mdogo alipokufa kwa surua, baba alitengeneza sanduku kwa mikono yake, akapiga msumari wa mwisho, akanawa mikono, akaenda kazini usiku ule.

Mama yake, yaani bibi yangu, alifariki mwaka 1971. Baba alipanda treni akafika kwa matanga siku ya tatu. Wajomba zake walikuwa wamemwita mwimbaji wa kasala. Baba akamkataza. Alisema mama yake alibatizwa, nyimbo za kipagani hazitaimbwa juu yake. Ndivyo alivyofundishwa na katekista wake utotoni, naye alitii. Mwaka 1971! Mtaguso wa Vatikano II ulikuwa umekwisha kusema, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1963, ya kuwa mataifa yenye nyimbo zao wenyewe yapewe heshima kwa nyimbo hizo, nazo zipate nafasi katika ibada. Lakini habari za Mtaguso zilisafiri polepole kuliko treni ya baba. Mwimbaji akaondoka bila kuimba. Bibi akazikwa kwa Rozari. Baba akarudi kazini.

Kisha ukaja mwaka 1993. Wasomaji wa umri wangu wanajua. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, wakalala wiki kwa wiki kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingojea vagoni, na wengi wao hawakufika. Baba yangu mdogo alikuwa miongoni mwao. Habari ya kifo chake ililetwa na mtu asiyejua hata ni kituo gani walipomshusha. Sisi hapa ziwani tuliachwa. Baba alipoambiwa alikaa kimya, akauliza kama mjane na watoto wana chakula, akatuma mahindi. Basi.

Katika likizo kubwa ya mwaka 1996 nilirudi kutoka seminari na kasete. Padri mmoja aliyetufundisha solfeji aliniruhusu kunakili diski ya Missa Luba. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilijiona mjuzi, nilitaka kumweleza baba habari za muziki wa Kiafrika. Nikatia pile mpya katika radio, nikaiweka juu ya meza, nikabonyeza. Baba alikuwa anakata kucha kwa kisu kidogo.

Ngoma haijalia sana katika Kyrie. Ni ile sauti ya mtu mmoja inayoanza, na wengine wanapokea chini yake. Baba aliweka kisu mezani. Akauliza: «Nani anaita?» Nikamwambia ni Kilatini, baba, ni Kigiriki kwa kweli, maana yake ni hivi na hivi. Hakunisikiliza. Akasema: «Huyu anaita kwa namna yetu.» Akainama, mikono katikati ya magoti, na mabega yakaanza kutikisika. Mimi nikanyosha mkono nizime radio, maana niliogopa. Akanishika mkono. Kisha, juu ya sauti ile ya kasete, akaanza kutaja majina kwa lugha yake, ambayo sisi watoto hatukuijua vizuri. Nilitambua mawili tu: jina la bibi, na la baba mdogo.

Kyrie ilikwisha, Gloria ikaanza na ngoma zake zote. Baba akasema: «Zima. Hiyo ni ya siku nyingine.»

Baadaye, giza lilipoingia, akaniambia habari ya mwimbaji aliyemfukuza mwaka 1971. Sikuijua mbele ya siku ile. Aliniambia ya kuwa miaka ishirini na mitano alikuwa na deni, na hakujua la nani. Nikamkumbuka Augustino kitandani kwake. Na lile swali la sehemu ya kumi, kama ni kosa mtu kuguswa na sauti kuliko maneno, nililiona limepata jibu: baba hakujua maneno ya Kyrie yalitaka kusema nini, lakini aliomba huruma kwa ajili ya wafu wake, na ndiyo maneno yenyewe.

Mimi leo ni katekista kama yule aliyemfundisha baba. Simhukumu. Alifundisha kile alichopewa. Lakini kila mara ninapotaka kuwaambia watu, acheni wimbo huu, ni wa kishenzi, nauona mkono wa baba ukinizuia kuzima radio.

Mambo mengine nayapitia haraka, maana wengi wenu mnayajua. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Joseph Kiwele alitunga Misa Katanga. Ndiye pia aliyetunga wimbo wa taifa la Katanga la mwaka 1960, akawa waziri wa elimu huko, akafa mwaka 1961. Habari zake zinastahili kitabu chake. Baada ya Mtaguso, Misa ikaanza kusomwa na kuimbwa kwa Kiswahili, na ngoma iliyokuwa chini ya mti ikaingia ndani. Wazee wanasema siku ya kwanza wapigaji walipiga kwa vidole tu, kama watu wanaoiba. Ibada mpya ya mazishi ya mwaka 1969 iliiondoa Dies irae, lakini In paradisum ikabaki. Tarehe 30 mwezi wa nne 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, ambacho mwanzoni mwake tunawaita watakatifu na pia mababu wetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa kwa namna hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, mwaka 2019 na tena mwaka 2022. Mara ya kwanza nilipousikia mwito ule wa mababu ukiimbwa, nilifikiri: tazama, kasala imevaa alba.

Na sasa nifike penye ugomvi, maana kitabu cha yubile kisichotaja ugomvi wowote si cha parokia yetu. Imekuwa miaka miwili sasa halmashauri inabishana juu ya nyimbo za mazishi. Wazee wanataka In paradisum na Kyrie ya Kamina. Korali ya vijana wana klavye yao, gitaa na vipaza sauti, na wanasema ya kuwa wafu hawajui Kilatini wala walio hai. Mimi nilikuwa upande wa wazee, na niliyasema maneno makali, hasa juu ya vipaza sauti. Juu ya vipaza sauti sijabadili mawazo.

Lakini kulitokea jambo. Kijana mmoja mvuvi alizama ziwani usiku, taa ya ndagala ikabaki ikielea. Alikuwa mwimbaji wa korali ya vijana, sauti ya nne. Katika Misa ya mazishi vijana waliimba wimbo wao mmoja wa Kiswahili, wa juzi juzi tu, ambao mimi nilikuwa nimeucheka kwa kuwa kiitikio chake kinarudiwa mara nyingi mno. Walipofika mahali pa sauti ya nne pakawa na shimo. Hakuna aliyepaziba. Wavuvi wenzake, vijana wenye mikono kama kamba, walilia wote, wengine wakaketi chini sakafuni. Sisi wazee wa Kilatini tulisimama na macho makavu, tukitazamana. Ule haukuwa wimbo wetu. Hatukuwahi kuuimba pamoja naye.

Tangu siku ile nimeacha kusema ya kuwa wimbo fulani una machozi ndani yake na mwingine hauna. Baba alililia kasala kwa sababu mama yake aliijua. Wazee wanalia katika In paradisum kwa sababu waliiimba bega kwa bega na wale waliowabeba baadaye. Watoto wa vijana hawa, Mungu akipenda, watalia kwa sababu ya kile kiitikio kinachorudiwa.

Baba alifariki mwaka 2009. Nilibeba sanduku upande wa mbele, mkono wa kushoto. Korali ya Kilatini, siku zile walikuwa kumi na wanane, waliimba In paradisum mlangoni, na makaburini wakaimba Kyrie, pasipo ngoma, kwa kuwa mpigaji alikuwa mgonjwa. Mzee yule aliyenieleza habari ya mikono iliyoshikwa alisema kweli.

Halmashauri mwishowe imepatana hivi kwa siku za yubile. Jumamosi saa tisa alasiri tutakwenda wote makaburini ya parokia. Majina ya waliozikwa humo tangu mwaka 1950 yatasomwa, yote yaliyoandikwa katika kitabu cha wafu cha sakristi. Kazi hiyo itachukua muda mrefu, waleteni watoto viti. Korali ya vijana itaimba kwanza wimbo wao, bila vipaza sauti. Kisha wazee saba wataimba Kyrie. Wanahitaji watu wa kuwaitikia katika sauti za chini, kwa maana saba hawatoshi. Mazoezi ni kila Alhamisi jioni nyuma ya sakristi. Vijana watatu wamekwisha kuja, mmoja wao ni mpigaji wa klavye.